Ubatizo wa Mama Whitney

Caleb Amolo alikuwa na kifua, na alijua ana kifua. Cha kwanza alipewa na Mungu. Cha pili, cha majivuno, alijipa mwenyewe, na ndicho kilichomponza. Pale Kayole, kwenye bwawa la kuogelea lililo nyuma ya hoteli moja, alikuwa mwalimu na mlinzi wa bwawa kwa pamoja. Watoto walimwita Kiboko, kwa sababu aliweza kuzama upande huu, akaenda chini kwa chini mpaka ukuta wa ng'ambo, akageuka, akarudi, bila kutoa pua nje hata mara moja. Akitoka majini alijifuta uso polepole kama mtu asiyejua kwamba anaangaliwa. Wacha wewe. Alijua nani anaangalia, na amesimama wapi.

Jumapili bwawa lile hukodiwa na makanisa. Huku kwetu Eastlands makanisa hayahesabiki, na mito tuliyo nayo hakuna anayetaka kuingiza hata kidole. Kwa hiyo anayebatizwa kwa maji mengi hubatizwa pale pale ambapo jana yake watu walikuwa wanakula nyama choma na kaptula zimewalowa. Kanisa la mama yake Caleb, lile la mabati lililobanwa katikati ya maghorofa ya Pipeline, lilikuwa na siku yake ya ubatizo kila mwaka, na pasta wao, Pasta Ndirangu, alikuwa na mtindo wake. Yeye hakuzamishi na kukutoa. Anakulaza ndani ya maji, anakuwekea kiganja kifuani, halafu anaanza maneno yake taratibu: kwa jina la Baba, na maelezo kidogo juu ya Baba; la Mwana, na maelezo; la Roho Mtakatifu, na hapo maelezo ni marefu zaidi. Ukitulia mpaka Amina, umebatizwa. Ukipiga mateke ukaibuka kabla, unarudiwa, na akina mama walio ukingoni wanaanza kunong'onezana kwamba kuna kitu ndani yako ambacho hakitaki kufa.

Mama Whitney alipiga mateke. Huyu ni Lenah, mwenye kibanda cha mboga hatua chache kutoka mlango wa kanisa, lakini Lenah yenyewe ni ya kitambulisho tu. Mwaka uliopita alizamishwa mara mbili, na mara zote mbili akaibuka anatapatapa kabla hata ya kufika kwa Mwana. Mara ya pili alimkwaruza pasta shingoni, na Caleb akaruka na nguo zake kumtoa. Pasta Ndirangu alimgeukia Caleb mbele ya umati wote akamwambia ibada si mashindano ya kuogelea, kijana, ungoje uitwe. Watu wakacheka. Mama Whitney alirudi nyumbani na kanzu imemganda mwilini, wala hakungoja chai.

Mwaka huu hakuwa na ujanja. Whitney, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaolewa Desemba, hapo hapo kanisani, na kanisani kwao mzazi asiyebatizwa hasimami mbele kumtoa binti. Angekaa nyuma na wageni, na mtoto aliyemlea peke yake kwa kukata sukuma wiki angetolewa na shangazi aliyekuja kutoka mbali na kofia kubwa. Mama Whitney alikuwa tayari kwa mambo mengi, lakini si hilo.

Basi Ijumaa mchana akafika bwawani, leso imefungwa kiunoni, mfuko wa plastiki mkononi.

"Kocha, habari ya mchana."

"Nzuri, Mama Whitney. Leo umekuja kuogelea?" Caleb alisema kwa sauti, ili vijana waliokaa ukingoni wapate cha kuchekea.

"Wacha kunichezea. Nimekuja unisaidie na hii pumzi. Nikiingiza uso kwa maji, kifua kinajifunga. Kinataka hewa hapo hapo, na bado hata sijashuka. Na ubatizo ni kesho kutwa."

Kazi hiyo Caleb aliijua vizuri. Unaleta beseni la maji. Unamwambia mtu aingize uso, atoe pumzi kwa pua, mapovu yatoke kidogo kidogo, ainue kichwa, apumzike, arudie. Mwili si mjinga. Uso ukizoea maji baridi, moyo wenyewe unapunguza mwendo, kifua kinalegea, na mtu anashangaa kwamba kumbe ana pumzi ya kumtosha. Watoto wa nasari alikuwa amewafundisha hivyo hivyo. Mama huyu angehitaji Ijumaa hiyo na Jumamosi, na uvumilivu.

Lakini beseni, jamani? Mama wa leso ameinamia beseni anapuliza mapovu, na Kiboko amepiga magoti kando yake, mbele ya vijana wa Kayole waliokuja kumwona akizama? Caleb aliona haya. Haya ya bure kabisa, ya kijinga, lakini ndiyo aliyoiona. Akachagua njia ya mkato.

"Hii kitu ni rahisi, mama," akasema. "Ukikaribia kulazwa, pumua haraka haraka, kwa nguvu, kama mtu amepandisha mtungi wa maji ghorofa ya nane. Puliza sana. Halafu vuta moja kubwa, funga mdomo. Utaona. Hutasikia haja ya hewa."

Mama Whitney akajaribu pale pale, amesimama, vidole vimebana pua. Akakaa. Akakaa tena. Macho yakamtoka kwa mshangao.

"Ai. Kweli kifua kimenyamaza."

"Si nilikuambia."

"Na mbona midomo inaniwasha hivi? Hata vidole viko kama vimekufa ganzi."

"Ni kawaida," Caleb akasema, akageuka kuwaita watoto wa darasa lake.

Haikuwa kawaida, na alijua. Hapo ndipo pa kumshika. Miaka ya nyuma kocha wake, mzee mmoja mkali anayeitwa Walter, aliwapeleka mashindanoni Mombasa. Kijana aliyezoea hewa nyepesi ya huku juu Nairobi akishuka pwani kifua kinamfunguka tu, na Caleb alilewa hilo. Akaanza kupuliza pumzi vile vile kabla ya kuzama, ili awashinde wenyeji. Hakumbuki alipofika. Hakusikia maumivu, wala kiu ya hewa, wala woga. Aliamka amelazwa kwenye vigae, Walter anampiga mgongoni.

Walter alimweleza siku hiyo, na hakupamba maneno. Kinachokusukuma utafute hewa si kupungukiwa na hewa safi, alisema. Ni ile hewa chafu inayojaa ndani yako ukijibana. Hiyo ndiyo inayopiga kelele. Ukipuliza sana kabla, unaifukuza yote, kwa hiyo hakuna wa kupiga kelele. Mishipa ya kichwani nayo inajikaza, damu inayofika huko inapungua, na huku umefunga mdomo umejikaza, unazimika kama stima ya mtaa. Hakuna anayekupa notisi. Mtu wa nchi kavu ataanguka aamke. Wa majini atavuta maji. Walter alimwapisha asimfundishe mtu mchezo huo maisha yake yote, na Caleb akaapa.

Tena hakumuuliza Mama Whitney kama atafunga kula. Wabatizwa wa kanisa lile hufunga tangu Ijumaa jioni mpaka watoke majini, na mtu mwenye tumbo tupu huzimia upesi zaidi. Caleb alikulia katika kanisa hilo na kufunga huko alikujua. Hakufikiri tu, kwa sababu hakutaka kufikiri.

Jumapili jua lilikuwa kali na kwaya ilikuwa imepasha sauti. Mama Whitney alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alishuka ngazi za bwawa, maji yakamfika kifuani, na akaanza kupuliza. Alipuliza kwa bidii ya mtu ambaye hatarudia tena mwaka ujao, ameinama, mabega yanapanda na kushuka, mpaka Nthoki, yule mama kiongozi wa maombi, akawaambia wenzake, "Muone vile anaomba." Whitney alikuwa ukingoni na taulo, anamtazama mama yake bila kupepesa macho.

Pasta akamlaza. Mama Whitney hakupiga teke hata moja.

Lo, pasta alifurahi. Mtu aliyemkwaruza shingo mwaka jana leo ametulia chini ya kiganja chake. Akamweleza Baba kwa nafasi, akaingia kwa Mwana. Ni hapo Caleb, kwenye kiti chake cha ulinzi, alipoona mapovu yametoka kwa mkupuo mmoja, na yakaisha. Mikono ya Mama Whitney iliyokuwa imeshika kanzu ikafunguka, ikaanza kuelea.

Alijua. Hapo hapo alijua, akasimama. Akabaki amesimama.

Alijiambia kwamba pasta alisema aitwe kwanza. Alijiambia kwamba akiruka na huyu mama akawa mzima, atakuwa amemharibia ubatizo wake, na Desemba ni karibu. Hayo mawili angeweza kumweleza mtu yeyote. La tatu lilikuwa chini ya hayo, na ndilo lililomshika miguu: akiruka, mtu atauliza, Kiboko, wewe ulijuaje?

"Amina," pasta akasema, akamwinua. Kichwa cha Mama Whitney kikaanguka upande. Akina mama wakapiga vigelegele, wakasema Roho amemshukia, na kwaya ikapandisha sauti kwa shangwe. Whitney peke yake ndiye aliyeita, "Mama?"

Ndipo Caleb akaruka.

Alimtoa, akamlaza ukingoni, midomo yake ina rangi ya wino. Akampulizia pumzi, akamkandamiza kifua, akampulizia tena. Wimbo ulikufa sauti moja baada ya nyingine. Mama Whitney alikohoa, akatapika maji, akavuta pumzi yenye mlio mbaya, na Whitney akaanguka juu yake akilia. Wakampeleka kliniki, akalala huko, kesho yake akarudi na miguu yake mwenyewe.

Sasa sikia vile mtaa ulivyoipokea habari hiyo. Kabla wiki haijafika katikati, Pipeline yote ilikuwa na hadithi mbili. Ya kwanza ni kwamba Caleb, mtoto wa Mama Caleb wa ghorofa ya sita, ametumwa na Mungu. Ya pili ni kwamba Mama Whitney ana pepo la maji. Maji yamemkataa mwaka jana, yamemkataa mwaka huu, alisema Nthoki, na ya tatu tutakwenda na jeneza. Watu walisalimia kibanda chake kwa mbali wakaenda kununua nyanya kwingine. Wazee wa kanisa wakakaa, wakaamua kwamba lazima aombewe kwanza mpaka pepo litoke, na arusi isimngoje. Shangazi wa kofia ndiye atakayemtoa binti. Na Jumapili inayofuata, wakasema, tumshukuru kijana wetu mbele ya kanisa.

Mama yake Caleb alitangaza hilo kwenye ngazi za jumba lao, ghorofa kwa ghorofa. Alimnunulia shati jeupe, akalipiga pasi yeye mwenyewe. Kila jioni alimwekea mwanawe samaki kipande kikubwa, na kila jioni Caleb alikitazama akasema ameshiba. Watu walimshika mkono njiani na yeye akaurudisha mkono mfukoni kama mwizi. Aliona aibu asubuhi, akaiona mchana, na alipokuwa na wanafunzi wake wakamwomba awaonyeshe vile Kiboko huzama, aliwaambia ana mafua.

Alhamisi akaenda kibandani. Mama Whitney alikuwa anakata sukuma wiki nyembamba sana, ya kumuuzia nani, haijulikani.

"Kocha, karibu. Kaa hapo kwa kreti."

Hakukaa. "Nimekuja kukujulia hali, Mama Whitney."

"Hali ni kama unavyoiona." Kisu hakikusimama. "Kuna kitu nilitaka kukuuliza. Yule daktari wa kliniki aliniuliza kama nilikuwa nimepumua haraka haraka kabla ya kushuka. Nikamwambia ndio, nilifundishwa. Akauliza na nani, mimi nikanyamaza." Sasa akamtazama. "Ulijua?"

Caleb alitazama nyanya. Zilikuwa zimepangwa vizuri, tatu chini na moja juu.

"Nilijua."

"Ulijua, na ukaniambia ni kawaida."

"Ndio, mama."

"Mimi nilipuliza mpaka nikaona giza, nikasema afadhali hii giza kuliko kuchekwa tena. Huo ni ujinga wangu, nimeukubali. Wako ni gani?"

Angemwambia nini? Kwamba aliona haya ya beseni?

"Nitawaambia watu," akasema.

"Utawaambia nini? Hawa wanapenda pepo kuliko pumzi." Akarudia kukata. "Nenda, Kocha. Unanizibia wateja."

Hakukuwa na mteja hata mmoja, na wote wawili waliliona hilo.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje ya madirisha. Mama yake Caleb alikaa safu ya pili na kitambaa kipya cha kichwa. Mama Whitney alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na benchi hilo lilikuwa lake peke yake, ingawa watu walikosa pa kukaa. Pasta Ndirangu alimwita Caleb mbele, akampa saa ya ukutani iliyoandikwa jina lake, akamshika bega. Shingoni mwa pasta bado kulikuwa na alama ndogo ya mwaka jana. Akampa maikrofoni.

"Mimi si wa kushukuriwa," Caleb akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Mama Whitney hana pepo. Mimi ndiye nilimfundisha vibaya. Alikuja nimsaidie, nikamwambia apumue haraka haraka kabla ya kushuka, na nilijua hiyo inaweza kumzimisha mtu. Nilikatazwa. Na alipozimika nilimwona. Nilimwona nikasimama tu."

Halafu mzee mmoja akatikisa kichwa akitabasamu, na mwingine akasema amina, na Pasta Ndirangu akachukua maikrofoni kwa upole.

"Mnaona kijana aliyelelewa?" akasema. "Anataka kumfunikia mama yetu aibu. Angeweza kujisifu, yeye anajishusha. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Mama yake alikuwa analia kwa furaha. Nthoki aliongeza kutoka upande wa kwaya kwamba hata hivyo, pepo lazima litolewe, upole ni mzuri lakini kazi ni kazi. Caleb aliangalia benchi la mwisho. Mama Whitney alikuwa anamwangalia bila mshangao wowote, kama mtu aliyeona basi analolijua limepita.

Hapo kitu kikamkatikia ndani. Akaweka saa chini. Akachuchumaa mbele ya madhabahu, na shati lake jeupe, na suruali ya pasi, akaanza kupuliza. Haraka haraka, kwa nguvu, mabega yanapanda na kushuka. Mpiga ngoma alidhani Roho ameingia, akaanza kumfuatiza polepole. Watu wa nyuma wakasimama waone. Midomo ikamwasha, ikafa ganzi. Vidole vikaanza kujikunja vyenyewe. Aliijua kila hatua ya njia hiyo, na alikuwa na aibu kiasi kwamba kuanguka mbele ya watu hawa wote kulionekana ni kitu kidogo. Akavuta moja kubwa, akafunga mdomo, akajikaza, akasimama ghafla. Alimwona mama yake ameinuka, mkono uko mdomoni. Kisha hakuona kitu.

Alipozinduka shavu lake lilikuwa kwenye saruji, na mdomoni kulikuwa na ladha ya damu. Ngoma ilikuwa imenyamaza. Hakuna aliyesema amina. Alisikia mama yake akiita jina lake la utotoni, lile ambalo hakuna mtu Nairobi analijua, na alisikia viatu vya Pasta Ndirangu vikirudi nyuma hatua moja. Nthoki alikuwa tayari amefika, mkono ameunyoosha juu yake, anaanza kukemea, lakini sauti yake haikuwa na uhakika, kwa sababu na yeye alikuwa ameona kupuliza, na alikumbuka kwamba alikuona kwanza bwawani, kwa Mama Whitney.

Caleb hakufungua macho. Aliona haya kuyafungua. Alisikia watu wakisogea, njia ikafunguka kutoka mlangoni, na nyayo za mtu asiye na haraka zikaja mpaka karibu na kichwa chake.

"Mwacheni," Mama Whitney akasema. "Hana pepo. Atapumua mwenyewe."